Mama Ottilia na Vipande Ishirini na Vinne vya Mbeleko

Baba Paroko, masista, viongozi wa kata na wa jumuiya, ndugu mliopanda kutoka ziwani tangu alfajiri na ninyi mlioshuka kutoka Ukata kwa miguu, familia inawashukuru kwa kukaa nasi katika baridi hii ya Juni, na imempa Nicholaus, mtoto wa pili wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya mama yake, kwa sababu yeye ni mwalimu na sauti yake imezoea kushindana na kelele. Mjue mapema kwamba maandishi haya, isipokuwa ya siku zake za mwisho, yalipita mikononi mwa marehemu mwenyewe akiwa kitandani wiki tatu zilizopita, akafuta karibu mistari yote iliyomsifu, akaagiza kwamba kosa lake lisomwe lote bila kupunguzwa, kwa hiyo atakayeona aibu kwa niaba yake asihangaike, aibu hiyo mwenyewe alishaimaliza.

Marehemu Ottilia Raimundi Kinunda alizaliwa tarehe 13 Desemba 1957 katika kata ya Ukata, wilaya ya Mbinga, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa mzee Raimundi Kinunda, mkulima wa kahawa, na mama Lidia, na akapewa jina la mtakatifu wa siku hiyo, jambo lililomwokolea baba yake kazi ya kufikiri, maana mzee Raimundi alikuwa mtu wa maneno machache na hayo machache aliyabania. Alibatizwa siku ya pili ya Krismasi mwaka huohuo, akiwa amefungwa katika mabaki ya fulana kuukuu yaliyounganishwa kwa mkono na shangazi yake, na mama Lidia alipenda kusimulia kwamba mtoto hakulilia maji ya ubatizo, alilia pale walipomfungua ile nguo ya vipande.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1966 na kumaliza la saba mwaka 1972, palepale Ukata, na kwa kuwa nafasi za sekondari zilikuwa chache na wasichana waliozipata walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, alirudi shambani akapalilia mahindi mwaka mzima, mpaka masista wa misioni walipompokea Januari 1974 katika mafunzo ya ushonaji na upishi. Sista aliyewafundisha alikuwa na sheria kwamba kipande cha kitambaa kinachofika ukubwa wa kiganja hakitupwi, na kila Ijumaa alipekua pipa la taka kwa mikono yake, aliyekutwa ametupa kipande akirudishiwa akishone kwenye aproni yake mwenyewe mbele ya darasa. Marehemu alihitimu Novemba 1976 akiwa na cheti safi na aproni yenye viraka kumi na kimoja, na vyote viwili vipo mpaka leo, ingawa cheti ndicho kilichoning'inizwa ukutani.

Kuanzia mwaka 1977 aliajiriwa katika chumba cha ushonaji cha misioni hiyohiyo, akishona sare za shule, kanzu za watumishi wa altareni na mapazia, hadi mwaka 1991 alipoacha na kuweka cherehani yake mwenyewe barazani hapa katika kata yetu ya Ruanda, mahali ambapo wengi wenu mlipimwa, mkashonewa, na mkasemwa. Hakujua kumsifu mtu usoni, na aliyeleta kitambaa wiki moja kabla ya Pasaka alijua kwamba nguo ataipata, lakini ataipata pamoja na hotuba. Wasichana kumi na wanane walijifunza ufundi barazani pale, baadhi yao wakilia mwezi wa kwanza, na hapa leo familia imewahesabu kumi na watano.

Katika chumba cha misioni ndiko alikomfahamu Othmar Mbele, kijana wa Ruanda, dereva wa trekta la misioni, ambaye kati ya Februari na Mei 1978 alileta suruali ileile kushonwa mara nne, mara goti, mara mfuko, mara tena goti, na ilipofika mara ya nne marehemu aliukagua mpasuko akaona umechanwa kwa wembe, akamrudishia bila kuugusa, akamwambia kama ana neno alitoe na aiache suruali ipumzike. Othmar akalitoa. Wazee wakakutana, mambo ya kimila yakakamilishwa, wakafunga ndoa takatifu tarehe 6 Oktoba 1979, wakaishi pamoja miaka thelathini kwa mapatano na kwa mabishano ya kawaida, hadi Othmar alipofariki dunia tarehe 2 Machi 2010.

Katika ndoa hiyo walijaliwa watoto wanne, Methodi mwaka 1980, Nicholaus mwaka 1983, Recho mwaka 1987 na Beata mwaka 1991, na wote wanne walibebwa mgongoni kwa mbeleko moja, kitenge chekundu ambacho Othmar alikileta kutoka Songea, na ambacho marehemu alikitunza sandukuni baada ya Beata kuanza kutembea. Watoto wote wanne wako hai, wako hapa mbele yenu pamoja na wajukuu tisa, na marehemu aliagiza maneno yanayofuata yasomwe taratibu, kwamba yeye hakuwahi kuzika mtoto, na kwamba kwa sababu hiyo aliweza kushika kitambaa mkononi asijue ameshika nini. Maana ya maneno hayo mtaielewa baada ya kidogo.

Mwezi Juni mwaka 2006 jirani yake wa uzio mmoja, mama Walburga, alitoka hospitali baada ya upasuaji, akalazwa nyumbani kwake akitetemeka, na marehemu alipokwenda kumtazama akakuta amefunikwa kanga mbili na koti la mumewe. Alirudi barazani, akamwaga chini gunia la mabaki ya sare, akaita majirani wanne, na kwa siku tano wakakata, wakapanga, wakaunganisha, wakaweka bitana, wakapata blanketi la vipande lenye rangi ya kaki na bluu, miraba imepangana kama ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia, katika mlima wa jirani. Walburga, ambaye yuko hapa na mzima wa afya, alisema alijisikia kama amelaliwa na darasa la sita lote, lakini hakulivua mpaka Agosti, na kutokana na blanketi hilo kikazaliwa Kikundi cha Vipande, ambacho marehemu alikuwa mwenyekiti wake kwa miaka kumi na tisa bila kupigiwa kura hata mara moja, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuitisha uchaguzi.

Kwa wale ambao ni wageni na kikundi hiki, familia inaona vema kueleza desturi zake, kwani bila hizo kisa chenyewe hakitaeleweka. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi akina mama hukutana katika ukumbi wa kigango, blanketi zilizokamilika zikatundikwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, kila mmoja akazipitia kwa mkono, akasifu kwanza ndipo akosoe, na kisha hufuata kile wenyewe wanachokiita mawindo, yaani vitambaa ambavyo kila mmoja amevipata mwezi huo, kwenye marobota ya mitumba ya Mbinga mjini, kwa mafundi, au chini ya godoro la mama mkwe. Mawindo huwekwa juu ya meza, na sheria ya marehemu ilikuwa kwamba kitambaa kikishawekwa mezani ni cha wote, mwenyekiti atakikata saa ileile kwa idadi ya waliohudhuria, kila mmoja atapata kipande chake, atakitia katika blanketi atakalolishona, na blanketi hilo likikamilika ni lazima litoke nyumbani mwake liende kwa mwenye baridi. Kwa namna hiyo kitenge kimoja kizuri kiliweza kulala katika nyumba ishirini, na marehemu alijivunia jambo hilo kuliko cheti chake.

Mwaka 2012 kikundi kilimpata mwanachama kutoka ziwani, mama Asteria wa Lituhi, Mwanglikana, aliyekuwa akileta usipa, wale dagaa wa ziwani, kwenye gulio letu, mwanamke mpole wa maneno na mwepesi wa mkono, ambaye mshono wake ulikuwa mdogo na ulionyooka kiasi kwamba marehemu aliukagua mara tatu akitafuta kosa, akakosa, akanyamaza, na kwa waliomfahamu marehemu, kunyamaza kwake kulikuwa ndiyo pongezi kubwa. Asteria alikuwa mdogo kwake kwa miaka michache, akimwamkia shikamoo na kumwita dada, na kwa miaka minne wawili hao walikaa benchi moja, ugali wa huyu ukaliwa na usipa wa yule, mpaka watu wa gulioni wakadhani wametoka tumbo moja.

Jumamosi ya tarehe 4 Juni 2016 Asteria aliingia ukumbini na furushi, akaliweka juu ya meza, na kabla hajalifungua akasikia honi ya lori lililobeba magunia yake ya usipa, akatoka mbio kwenda kuyapokea. Marehemu akalifungua furushi mwenyewe, akakuta mabaki mazuri ya vitambaa vya mtumba, akayagawa, kisha macho yake yakaangukia kitu kilichoyafungia, kitenge cha bluu chenye maua ya njano, kimefifia kwa kufuliwa lakini kilikuwa laini kama kitambaa cha mtoto mchanga, na akaona kwamba kumbe hayo ndiyo mawindo yenyewe, akakikunjua, akakipima kwa shubiri, akakikata vipande ishirini na vinne. Asteria aliporudi alisimama mlangoni akatazama mikono ya wenzake, akasema kwa sauti ya chini kwamba hicho hakikuwa cha kugawa, na marehemu, akiwa na mkasi mkononi na wanawake ishirini na wawili wanamtazama, akamjibu kwamba kilichowekwa mezani ni cha wote, kwamba kama mtu ana choyo na kitambaa chake akiache kwao, na kwamba mkasi haujui kurudi nyuma.

Asteria alikusanya vilivyo vyake, akatoka, akapanda lori lilelile lililoleta magunia yake, na hakuonekana tena Ruanda, wala kwenye kikundi wala gulioni, usipa ukawa unaletwa na mumewe, mzee Aidan, peke yake. Marehemu kwa miaka miwili alishikilia kwamba hakukosea, akasema watu wa ziwani wana hasira za chinichini, na aliposhauriwa na Walburga ampelekee walau salamu, alijibu kwamba salamu hupelekwa na aliyeondoka.

Tarehe 11 Agosti 2018 mzee Aidan alisimama barazani kuomba maji ya kunywa, na marehemu akamuuliza, kwa ule ukali wake wa mzaha, kama mke wake bado analilia kile kitenge, na mzee Aidan akaweka kikombe chini, akamweleza bila kupandisha sauti kwamba kitenge kile kilikuwa mbeleko ya Hilda, binti yao wa pekee, aliyefariki kwa homa mwaka 1994 akiwa na miaka miwili, na kwamba Asteria aliitunza miaka ishirini na miwili bila kumwonyesha mtu. Akaendelea kumweleza kwamba siku ile aliipeleka kikundini kwa makusudi, alikuwa amepanga kumwomba dada Ottilia amfundishe namna ya kuitia katikati ya blanketi ikiwa nzima, bila kuipitisha mkasi, na hata usiku wa kuamkia siku hiyo hakupata usingizi kwa furaha. Baada ya maneno hayo mzee Aidan alishukuru kwa maji, akaenda zake, na cherehani ya mama yetu, ambayo haikunyamaza hata siku ya pili baada ya mazishi ya mumewe, ilinyamaza siku tatu.

Mkutano wa Septemba uliofuata marehemu alisimama mbele ya kikundi, akarudia neno kwa neno yale aliyomwambia Asteria, akasema kwamba kwa kuwa alimtukana mbele ya watu basi na yeye atajisema mbele ya watu, kisha akaweka sheria mpya kwamba kabla ya mkasi kushika kitambaa chochote mwenyekiti atauliza mara tatu kama kina mwenyewe. Akafungua daftari la kurasa kubwa, akaandika mistari ishirini na minne, kila mstari na jina la aliyepewa kipande, blanketi alilokitia, na mahali blanketi lilikokwenda, akaanza na mstari wake mwenyewe, kwa kuwa kipande chake kilikuwa katika blanketi aliloshona na kumpa Recho, akakifumua jioni hiyohiyo, na kesho yake akaanza kuvifuata vingine.

Miaka sita na nusu aliimaliza katika kazi hiyo, akitembea na mfuko wenye mkasi mdogo, sindano, uzi na kipande cha kitambaa kingine, kwa sababu hakukubali kuacha tundu katika blanketi la mtu, alikaa pale alipolikuta, akafumua, akatia kingine, akashona, ndipo aage. Alikwenda Ukata, ambako mama mwenye mtoto mchanga alimkatalia mpaka mtoto alipolala, akakaa kimya saa mbili akimsubiri huyo bwana mdogo afumbe macho. Alikwenda Mbinga mjini, akakuta blanketi moja limekuwa kitandiko cha meza ya kunyooshea nguo, kipande cha bluu kimeungua ukingoni kwa pasi, akakichukua hivyohivyo na kuungua kwake. Alikwenda kwa mzee Bartholomayo, ambaye alimwambia hawezi kuruhusu blanketi lake lichokonolewe wakati wa baridi na arudi Oktoba, akarudi tarehe mosi Oktoba, mzee akasema amesahau walikubaliana nini na aanze kumweleza upya, na marehemu akaanza upya, jambo ambalo sisi watoto wake hatukuwahi kuliona likitokea katika nyumba yetu. Alikwenda pia kwenye kaburi la mzee Nazari, aliyezikwa Machi 2017 akiwa amefunikwa blanketi la kikundi, akasali, akarudi, akaandika katika mstari wa ishirini na tatu kwamba hicho kimepumzika na hakitadaiwa.

Kufikia mwanzo wa mwaka huu alikuwa na vipande ishirini na viwili, vimefuliwa, vimenyooshwa, vimewekwa katika boksi la viatu, na mstari uliomsumbua ukawa wa ishirini na nne, yaani kipande cha Asteria mwenyewe, ambacho siku ile kiliachwa mezani mbele ya nafasi yake na hakuna aliyekumbuka kimekwenda wapi. Aliuliza kila mtu aliyekuwepo, akapekua magunia yote ya ukumbi, akaandika katika daftari maneno mawili, hakijulikani kilipo, na Recho alipomuuliza kwa nini asiende Lituhi akaombe msamaha na hivyo alivyonavyo, alisema hawezi kumpelekea mwenzake mtoto ambaye hajatimia. Familia inakiri kwamba tuliona hapo bado kuna kiburi, kimebadili nguo tu, na Walburga alimwambia hivyo wazi, lakini nyuma ya kiburi hicho kulikuwa na hofu, kwani mama yetu, ambaye hakuogopa padre wala mkuu wa shule, aliogopa uso wa mwanamke mmoja mpole wa Lituhi.

Maradhi yalianza Novemba 2023 kwa miguu kuvimba na pumzi kukatika apandapo kilima, akachunguzwa akaonekana moyo wake umepanuka, akapata matibabu hospitali ya wilaya na baadaye hospitali ya misioni, ambako alilazwa mara tatu, mara ya mwisho kuanzia tarehe 6 hadi 19 Aprili 2025, na daktari alimweleza ukweli kwa heshima, kwamba dawa zitampunguzia taabu lakini hazitaurudisha moyo katika ukubwa wake. Alirudi nyumbani hawezi tena safari ya Lituhi, akaomba boksi la viatu liwekwe karibu na mto wake, akawa anavihesabu, ishirini na viwili, kana kwamba vingeweza kuongezeka vyenyewe.

Walburga hakumwambia mtu. Alipanda lori la usipa linalorudi tupu, akashuka Lituhi, akamkuta Asteria akianika dagaa wake ufukweni, akampa daftari, akakaa pembeni kwenye mchanga, na Asteria akalisoma kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, akauliza jambo moja tu, kama ni kweli dada alikwenda hata kwa Bartholomayo mara mbili.

Jumamosi ya tarehe 3 Mei 2025, ambayo ilikuwa siku ya mkutano wa kikundi, Asteria aliingia chumbani kwa mama yetu, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwamkia shikamoo, dada, kama alivyokuwa akimwamkia siku zote, na marehemu akafunika uso kwa mikono yote miwili, na sisi tuliokuwa mlangoni tulimsikia mama yetu akiomba msamaha kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwa Kimatengo, lugha ambayo mgeni wake haijui, kwa sababu Kiswahili kilimkimbia. Asteria alisubiri mpaka akamaliza, akasema amesikia, kisha akafungua Biblia yake akatoa kipande cha bluu chenye ua moja la njano, kwani siku ile, kabla ya kutoka, alikichukua mezani bila mtu kumwona, na kimekuwa mle miaka tisa. Kipande ambacho marehemu alikitafuta kila mahali kilikuwa kwa mtu pekee aliyeogopa kumuuliza, na alipoliona hilo alicheka mpaka akakosa pumzi, na Asteria akacheka naye huku machozi yanamtoka.

Siku zilizofuata Asteria alilala katika chumba cha Recho, na mchana wawili hao walipanga vipande ishirini na vitatu juu ya kitanda, wakabaki na nafasi moja tupu, ile ya mzee Nazari. Marehemu akaagiza sandukuni kile kitenge chekundu, mbeleko iliyotubeba wanne, akampa Asteria mkasi wa mwenyekiti, akamwambia akate hapo atakapo, kipande cha ukubwa wowote, ni haki yake. Asteria aliushika mkasi, akakitazama kitenge, akauliza mara tatu kama kina mwenyewe, kama sheria mpya inavyotaka, na kila mara marehemu akaitikia kwamba ni chake Asteria, na baada ya mara ya tatu Asteria akaurudisha mkasi juu ya meza, akasema, "Kukata kumetosha, dada." Akakitandaza kitenge chekundu kikiwa kizima, akakifanya bitana, akashonea juu yake vipande vyote vya Hilda kimoja kimoja, na ile nafasi ya Nazari akaiacha wazi ili wekundu uonekane, kwa hiyo blanketi hilo lina mbeleko mbili, na ya mama yetu ndiyo iliyoibeba ile ya Hilda mgongoni. Mshono wa mwisho waliumaliza tarehe 14 Juni, marehemu akiwa ameshika pindo, maana sindano ilishamshinda.

Tarehe 18 Juni 2025, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, baada ya kupokea Mpako Mtakatifu, akiwa ameshikwa mikono na Recho na Asteria, marehemu alifariki dunia nyumbani kwake hapa Ruanda, akiwa na umri wa miaka sitini na saba na miezi sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya na ya misioni, ambao walimhudumia kwa subira ingawa aliwakosoa mishono ya mashuka yao, Baba Paroko na jumuiya kwa sala, majirani kwa kuni, maji na mahindi, Walburga kwa safari ambayo hakutumwa, mzee Aidan kwa kusema ukweli kwa upole, watu wa Lituhi waliopanda na samaki wa kulisha msiba huu, na Kikundi cha Vipande, ambacho kuanzia mwezi ujao kitakuwa na wenyeviti wawili, mmoja wa mlimani na mmoja wa ziwani, na mikutano itapokezana kati ya Ruanda na Lituhi, kama marehemu alivyoagiza bila kumuuliza mtu.

Mtaona jeneza halikufunikwa blanketi, na msidhani tumepungukiwa, ni agizo lake, alisema yeye anakokwenda hakuna baridi, na kwamba blanketi zile thelathini na moja mnazoziona kwenye kamba kuzunguka uwanja ni za walio hai, kwa hiyo baada ya mazishi yeyote asiye na cha kujifunika achukue moja bila kuona haya. Moja tu halipo kwenye kamba, lile la bluu na nyekundu, lipo mabegani mwa mama Asteria pale benchi la mbele, na ndilo blanketi pekee la kikundi hiki ambalo sheria imelisamehe, halitatoka nyumbani mwake.

Daftari lako, mama, tumelifunga asubuhi ya leo, mistari yote imejaa, na ule wa ishirini na nne, ulioandika kwamba hakijulikani kilipo, umeongezewa maneno mawili kwa mwandiko mdogo ulionyooka kama ule mshono ulioukagua mara tatu ukakosa kosa, nayo yanasema, Kimefika, dada. Pumzika kwa amani.